Soda ya Mizani

Kila mwaka, mahindi yakishapimwa, baba alikuwa anapima watoto.

Baba yangu ana ghala dogo la mahindi mtaani kwetu Bombambili. Mbele ya ghala kuna mizani ya chini, ile ya bamba la chuma: unapandisha gunia, unasogeza jiwe kwenye mkono wake taratibu mpaka mkono utulie. Gunia la mwisho la msimu likishashushwa, watoto wa ukoo na wa majirani walipanda mmoja mmoja, wamevua viatu na masweta yao ya baridi ya Julai. Mtoto mzito kuliko wote alipewa soda. Chupa nzima, peke yake, bila kugawana na mtu. Niliwahi kumuuliza baba desturi hiyo ilianzaje. Akanijibu, "Ilianza niliponunua mizani. Swali lingine?"

Mimi sikuwahi kuipata soda hiyo. Nilikuwa mwembamba, na nikipanda mimi watu walinyamaza kidogo, na jioni mama aliniongezea yai. Ukimya ule nilikuja kuuelewa nimeshakuwa mkubwa. Mama aliwazika wadogo zake wawili katika miaka ile ambayo ugonjwa ulikuwa hautajwi jina, na wote wawili mwili ndio uliotangulia kuondoka. Yalibaki macho tu. Tangu hapo, kwa mama, mtoto mnene ni mtoto ambaye kifo hakijamwona.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipata soda ya mizani miaka minne mfululizo. Mwaka juzi, akiwa na miaka kumi, jiwe lilipita kilo sitini na tano. Baba aligonga bamba kwa kiganja.

"Hili sasa ni gunia kamili! Bado kushonwa mdomo tu."

"Babu, ukinishona mdomo soda nitanywea wapi?" alisema mpwa wangu, na watu wakaangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, mkono mmoja ukiwa umeshika shingo.

Alikuwa ameishika shingo kwa sababu inamuuma. Nyuma ya shingo na kwenye makwapa alikuwa na weusi mzito, kama masizi yaliyopakwa kwa kidole, na kila Jumamosi dada alimkalisha kwenye kigoda uani akamsugua kwa dodoki na limau mpaka ngozi ikachubuka. "Mtoto wa kike hanawi shingo!" dada alikuwa anasema. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo. Nilikaa kizingitini nikawatazama, nikajiuliza uchafu gani huo unaochagua mahali pa kukaa. Nikasoma kwenye simu. Niliyoyasoma yalinifanya nisimame.

"Dada, acha. Huo si uchafu."

"Ni nini, rangi ya nyumba?"

"Ni mwili wake. Sukari inamzidi nguvu. Ngozi ikiwa hivi maana yake huko ndani kuna kitu kinaanza."

Dada aliacha kusugua. Akaniangalia, kisha akamwangalia mama aliyekuwa anapepeta mchele.

"Mama, mwanao anamwombea mwanangu ugonjwa wa wazee."

"Mwache," mama alisema bila kuinua macho. "Wamemfundisha kuuliza, hawajamfundisha kunyamaza. Huyu mtoto amenona. Ana ubaya gani?"

Ubaya ulikuwa kila mahali, na hakuna aliyeuleta peke yake. Dada anashona nguo sokoni, anaondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mtoto alipelekwa shule kwa bodaboda na kurudishwa kwa bodaboda, maana barabara ya malori inatisha. Mimi, mama yake na hata mama yangu tulitembea kwenda shule, yeye hakutembea. Mchana alipewa hela ya chipsi. Akitoka masomo ya ziada alikaa mbele ya televisheni na chai ya vijiko vinne vya sukari. Kila mgeni alimletea kitu, na kila mgeni alimfinya shavu akamsifu mama yake kwa malezi. Na mimi nilikuwa mgeni. Katoni za biskuti nilizokuja nazo kutoka Dar es Salaam, muhula baada ya muhula, hakuna aliyenilazimisha kuzinunua.

Usiku alikoroma kama mtu mzima mlevi. Kuna wakati mkoromo ulikatika ghafla, nikawa nahesabu kimya kimya mpaka avute tena pumzi.

Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani bila kazi, nilikuwa na muda mwingi na watu wachache wa kubishana nao. Januari ya mwaka jana nilimshinda dada. Sijui kama nilimshawishi au nilimchosha. Soda zikakoma, chai ikawa ya kijiko kimoja, chipsi zikawa za Jumapili. Bodaboda akaambiwa asante, na asubuhi nikawa natembea na mpwa wangu hadi shuleni. Niliuliza pia kama tumpeleke hospitali akapimwe. Dada akasema, "Umeshamnyima chakula, sasa umtoe na damu?" Nikacheka, nikaliacha. Niliona dawa yenyewe nimeshaishika mkononi.

Njiani watoto wenzake walituzomea.

"Bonge nyanya! Leo pikipiki imekukataa?"

"Imesema imechoka kubeba wajinga," aliwajibu. "Ndiyo maana na nyie mko kwa miguu."

Mwezi wa kwanza alipungua kidogo sana. Wa pili vilevile. Aprili, mvua zikielekea ukingoni, alianza kupungua kweli. Kila Ijumaa nilimpandisha kwenye mizani ya baba, na kila Ijumaa jiwe lilirudi nyuma. Sketi ya shule ikaanza kumzunguka kiunoni, dada akaikaza kwa cherehani, kisha akaikaza tena. Nilitembea kifua mbele. Miaka yote nilikuwa nauliza maswali na kufukuzwa jikoni, na sasa chuma chenyewe kilikuwa kinanijibu.

Alikuwa anakunywa maji sana. Kikombe kwa kikombe, kisha akaacha kikombe akawa anakunywa kwa jagi. Nilimsifu. Nilimwambia maji yanasafisha mwili. Alikuwa anaamka usiku mara tatu, mara nne, na niliona ni sawa, anayekunywa ndiye anayekojoa. Njia ya shule ikaanza kuwa ndefu kwake. Tulikuwa tunapumzika mahali pamoja, kisha pawili, kisha tukawa tunachelewa.

"Mjomba, miguu mizito."

"Miguu imepungua, inakuwaje mizito?"

 Alikaa juu ya jiwe akitazama kiatu chake.

Juni, asubuhi moja ya ukungu, mama aliniita uani. Alikuwa amesimama mlangoni pa choo na ndoo ya maji mkononi.

"Angalia hapa."

Sakafuni, kandokando ya tundu la choo, kulikuwa na sisimizi. Mstari wao ulipita chini ya mlango, ukavuka ua, ukaishia kwenye nyufa za ukuta.

"Wanafuata mkojo wa mtoto," mama alisema. "Nikimwaga maji wanaondoka. Akiingia yeye, wanarudi. Nimewatazama siku tatu."

"Mama, huu ni msimu wao tu. Baridi inawatoa ardhini."

"Baridi inawaingiza ardhini. Wewe umekulia wapi?"

"Sisimizi wanaenda popote."

"Kwa nini hawaendi kwenye mkojo wako?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza katika nyumba ile, nami nililipita. Nilimwambia mama kwamba mtoto amepungua kilo nane, mizani haisemi uongo, na kwamba yeye tangu mwanzo hakutaka apungue, ndiyo maana anatafuta ubaya. Mama alimwaga maji yake. 

Siku ya kupima watoto ikafika. Mpwa wangu alipanda wa mwisho, na baba akasogeza jiwe, akalirudisha nyuma, akalirudisha tena. Kilo hamsini na sita. Watu walinyamaza. Niliutambua ukimya ule, ni ule ule wa utotoni kwangu, ila safari hii mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi, peke yangu, mpaka wengine wakafuata kwa aibu. Soda ya mzee ilikwenda kwa binti wa jirani. Mpwa wangu aliitazama chupa ile kwa namna ambayo sijaisahau. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka.

"Na mshindi wangu mimi?" nilisema kwa sauti, ili watu wasikie. "Aliyepungua naye apewe!"

Nikavuka barabara, nikarudi na soda mbili baridi. Alizinywa zote mbili bila kushusha pumzi. Watu wakacheka. Mama yangu hakucheka.

Kesho yake asubuhi hakuamka kwenda kunywa chai. Nilipoingia chumbani alikuwa amelala chali, anahema haraka na kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima, na hajapanda popote. Alikuwa ametapika ukutani. Pumzi yake ilinuka kitu kitamu, kama ndizi zilizoiva hadi zikapitiliza. Nilimwita. Alifungua macho, akanitazama, hakunitambua.

Bodaboda yule yule tuliyemfukuza ndiye aliyetupeleka, mtoto katikati, mimi nyuma nikimshika kichwa kisianguke. Hospitalini muuguzi alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo, akasubiri. Badala ya namba kikaandika neno tu, kwamba sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu. Muuguzi alikigeuza akamwonyesha daktari, na daktari akaacha alichokuwa anafanya.

Wakati wanamtundikia dripu daktari alituuliza, "Nyumbani mliona dalili gani?"

Dada alikuwa amefika na sindano ya kushonea bado imechomekwa kifuani. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama sakafu.

"Sisimizi," mama alisema. "Na kiu. Na huyu hapa akisema anapona."

Daktari alitueleza bila kutugombeza, na ingekuwa nafuu kama angetugombeza. Unene ule wa miaka mingi ulikuwa umeuchosha mwili wake. Weusi wa shingoni ulikuwa onyo, tungemleta wakati ule. Na kupungua kule kulikoanza Aprili hakukuwa kwa matembezi yangu. Mwili ulikuwa umeshindwa kutumia sukari, ukawa unajila wenyewe.

Siku ya tatu alinitambua. "Mjomba," aliniambia, "nani alipata soda?"

Sasa anajichoma sindano mwenyewe, tumboni, ameinamisha uso kama anayefunga vifungo vya shati. Daktari anasema huenda baadaye akahitaji vidonge tu, na huenda asihitaji vidonge tu. Anasema tuchunge macho yake, figo zake, miguu yake, kila kidonda hata kidogo. Tangu atoke hospitalini, kila jioni dada anamkalisha binti yake kwenye kigoda kile kile cha uani na kumkagua vidole vya miguu kimoja kimoja. Shingo haisugui tena. Bado ni nyeusi.

Julai hii baba aliifunika mizani kwa turubai gunia la mwisho liliposhuka. Soda hakununua. Lakini mpwa wangu ndiye aliyelifunua turubai, akavua viatu, akapanda. Tangu aanze sindano ameongezeka mwili, mashavu yamerudi. Baba alisogeza jiwe polepole sana. Lilipita hamsini na sita, likapita sitini, na bado mkono wa mizani ulikuwa haujatulia.

Tulisimama pale wote, ukoo mzima na majirani, na hakuna aliyejua kama apige makofi.

"Babu, vipi?" aliuliza. "Nimeshinda au nimeshindwa?"

Baba alinitazama mimi, msomi. Nilimwambia ashuke avae viatu, ardhi ina baridi. Kisha nikaenda uani, kama ninavyofanya kila siku, nikafungua mlango wa choo, nikainama kutazama sakafu.