Damu Tusiyoipima

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila nimsikiapo mtu akianza habari yake kwa neno "wanasema". Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Kiyeyi kwa likizo kutoka chuo cha ualimu, nikakuta nyumba ya baba imejaa watu. Upande mmoja waliketi wazee wetu wa kabila la Jopadhola. Upande wa pili aliketi mzee mmoja Msamia kutoka Buteba, baba yake Nafula, mke wa kaka yangu Owor. Alikuwa ameitwa aje kumchukua binti yake.

Nafula alikuwa amezika watoto watatu. Kila mmoja alianza vivyo hivyo: vidole kuvimba, macho kugeuka manjano, kilio cha mifupa nyakati za baridi, kisha kaburi. Kijiji kikasema kwamba alikuja na kitu kutoka kwao. Shangazi yangu, ambaye ulimi wake haukupumzika hata Jumapili, alisema mbele ya wote, "Huyu hata kuku wake akilalia mayai, yanaharibika." Baadhi wakacheka. Nafula hakuinua uso.

Baba akaniamuru niseme kwa niaba ya ukoo, kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichotuunganisha na wageni wetu, nami nilikijua kuliko wengine. Nikaeleza kwa ufasaha kwamba tatizo liko kwa mke. Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Kijana, wewe umesoma," akasema. "Umeona nini na macho yako?"

"Mzee, tumesikia kwamba..."

"Siulizi umesikia nini. Binti yangu mmempima na maneno ya soko. Huyu Owor wenu, mmempima na nini?"

Mzee akainuka. Alimshika binti yake mkono, wakaishika njia ya kwao.

Owor alioa tena, na mke huyo wa pili akazaa watoto wenye afya, wakakua wote. Hapo uvumi ukajipatia ushahidi. "Si mmeona?" watu wakaulizana. Tuliona kweli, ila tuliona nusu, na nusu ya ukweli hudanganya kuliko uongo mzima, kwa sababu hutembea na shahidi.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na kwa kaka yangu yalikuja hivyo hasa. Miaka mingi baadaye, mtoto wa mwanawe alianza kuvimba vidole. Hospitalini Tororo akakutwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli. Walikuwepo pale watafiti waliokuwa wakisoma jeni za familia zenye ugonjwa huo, yaani yale maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, herufi baada ya herufi. Wakaomba damu ya jamaa walioridhia. Mjini palikuwa na maneno kwamba damu hiyo inavushwa mpaka wa Malaba ikauzwe nje. Owor akasita. Nikamwambia kwamba ukoo wetu umekwisha kula maneno ya kutosha. Akanyoosha mkono.

Aliyetuletea majibu alikuwa mtafiti kijana, binti wa umri wa wajukuu wangu. Alieleza bila haraka. Mtoto huugua anapoirithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili. Anayeirithi kwa mmoja tu haugui, bali huibeba na huweza kuwarithisha wanawe. Owor alikuwa mbebaji tangu kuzaliwa. Mke wake wa pili hakuibeba, ndiyo maana watoto wao hawakuugua, lakini mwana wao mmoja aliirithi, akaoa mbebaji mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu.

"Na wale wangu watatu wa kwanza?" Owor akauliza.

"Mzee, hao hatukuwapima, siwezi kuapa," akajibu. "Dalili unazozitaja ni hizi hizi. Kama ndio ugonjwa wenyewe, haukutoka kwa mama peke yake."

Kaka yangu akataka kwenda Buteba kumwomba Nafula msamaha. Tulimkuta ndugu yake akipalilia mihogo. Alitusikiliza, kisha akatupeleka kwenye kaburi la Nafula lililo pembeni, nje ya ua, anakozikwa mwanamke aliyerudishwa kwao. Hakuolewa tena. Nani angemwoa, na sifa zile tulizomvika? Owor alivua kofia, akasema yote pale: kwamba ugonjwa ulikuwa katika damu yake pia, na kwamba Nafula hakumwua mtoto yeyote.

"Shemeji," yule ndugu akasema, "hayo ungeyasema akiwa na masikio."

Akarudi kwenye jembe lake.

Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nimezeeka, na nakuambia kwamba methali hiyo imezika watu wasio na hatia. Kabla hujafunga ndoa, kapimweni damu nyote wawili, siku hiyo hiyo, mkono kando ya mkono. Ukiambiwa kosa ni la mwenzako, uliza nani alipima, alipima nini, na wewe ulipimwa lini. Mtaalamu akikuambia "siwezi kuapa", mheshimu kuliko yule anayejua kila kitu. Na ukigundua kwamba umemdhulumu mtu, usilale na habari hiyo. Mfuate angali hai.

Mungu akulinde, mwanangu. Akujalie uzae, ulee, na siku yako ikifika, watoto wako ndio wakuzike.