Meza ya Wageni

Wiki jana mjukuu wangu alinipeleka Kitengela, pale kando ya barabara mafundi wanapanga fanicha nje, tutafute meza ya kazi. Yeye kazi yake anaifanyia kwa nyumba, na kompyuta, na mgongo umeanza kumsumbua. Aliketi kwa kila meza, akapima magoti, akafikiria dirisha lake liko upande gani. Fundi akamwambia, "Madam, hata bwana hachaguliwi hivi." Tukacheka. Halafu nikamkumbuka dadangu mkubwa.

Sisi tulikaa Kimuka. Baba alitoka Kiambu akanunua shamba huko, akajenga nyumba ya mabati yenye sebule, na sebuleni akaweka meza moja. Mama akaitandika kitambaa alichoshona kwa mkono. Hiyo ilikuwa ya wageni. Sisi watoto tulikula githeri jikoni, chini, moshi machoni. Na wageni wenyewe, wewe, walikuwa wapi? Jirani yetu Mmaasai, mama aliyetuletea maziwa kwa kibuyu, alipenda kukaa nje kwa nyasi. Pasta alikuja pengine mara moja kwa mwaka.

Dadangu alikuwa darasa la saba, anangoja mtihani. Kichwa alikuwa nacho. Mimi niliacha la tatu, mwalimu alinichapa nikakataa kurudi, na hakuna aliyenilazimisha. Dadangu aliandikia juu ya debe la unga, linayumba, na mwalimu akawa analalamika hawezi kusoma hayo maandishi. Akamwomba baba kona tu ya ile meza. Baba akasema, "Mgeni akikuta wino hapo, nitaficha uso wapi?"

Basi mama akienda soko, dadangu aliingia sebuleni pole pole, akakunja kitambaa, akaandika. Maandishi yalinyooka kabisa. Mimi nililinda mlango. Siku moja nikataka na mimi kukaa hapo karibu naye, nishike kalamu kidogo. Akanisukuma. "Enda uchote maji, kichwa mawe wewe."

Yaliniuma. Baba aliporudi nikamwambia yote. Hakumpiga. Alitia kufuli kwa mlango wa sebule, ufunguo akauweka mfukoni, na dadangu akarudi kwa debe.

Mtihani alianguka. Si kwa mbali, mwalimu alisema, lakini kuanguka ni kuanguka.

Hata mwaka haukuisha, wageni wakaja kweli. Wazee kutoka Oltepesi, wanamtaka dadangu kwa kijana wao mwenye duka. Baba akafungua sebule. Dadangu ndiye alitandika kitambaa, akakinyoosha pembe zote nne, mimi nikabeba birika. Mzee mmoja akapapasa ile meza, akasema, "Hii nyumba inajua kutunza vitu." Baba alifurahi. Dadangu alikuwa anaangalia sakafu.

Nilikuwa nikimtembelea Oltepesi, nabeba sukari na majani ya chai. Tulikunywa chai vikombe mkononi, kwa sababu kwake hakuweka meza hata siku moja. Bwanake alileta moja, dadangu akaiuza. Miaka hiyo yote hakuniuliza nani alisema kwa baba, na mimi sikumwambia. Alikufa na mtoto wa nne tumboni.

Kimuka sasa wamekata ploti, wamezungusha ukuta wa mawe. Baba hayuko, mama hayuko. Nimebaki mimi ninayejua, na wa kumwomba msamaha hayuko.