Akina mama wa sambaza walivyouvua nguo ukuta wa gallery yetu

Wakuu, heshima kwenu. Hii imetokea hapa Gisenyi, nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na chumvi nimeiacha jikoni.

Nimekulia Tanzania, tukarudi Rwanda. Sasa napanga maonyesho kwenye gallery ya umma karibu na ziwa. Yaani naamua ukutani kikae nini na mwezi gani.

Shida ni director wetu. Anapenda picha za gorila! Watalii wananunua gorila, basi mwaka mzima gorila amekaa, gorila anakula, gorila anakukodolea macho. Watu wa mtaani hawakanyagi humo.

Nikamlilia tuchanganye programme, akanipa mwezi mmoja tu. "Ukumbi usipojaa, usiniletee tena habari hizo." Na hakuwa anatania.

Nikashuka Rubona kwa akina mama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Nikamwomba kila mmoja aniazime kikwembe chake kizuri kuliko vyote (nyie mnaita kitenge), nikitundike pamoja na karatasi yenye jina lake. Wakakubali. Nikajiona kichwa kweli kweli.

Wiki ya kwanza waliingia watu wachache sana. Jumamosi asubuhi wakaja wenye vikwembe, kiongozi wao Mama Furaha akiwa mbele.

"We kijana, shusha bikwembe. Leo iko ndoa ya mutoto wa Chantal mwenzetu."

"Mama, lakini maonyesho bado yanaendelea!"

"Bon, ukuta ndiyo inaenda mu ndoa? Ni sisi tunaenda."

Alisema kweli, wakuu. Unaazimaje nguo bora ya mama wa hapa mwezi mzima, halafu unategemea hakutakuwa na harusi? Wakavaa, wakaondoka. Nikabaki na misumari na karatasi za majina. Nilitamani kulia, kwa sababu mwezi wangu niliuona umekwisha hapo.

Mchana maharusi wakawa ufukweni wanapiga picha, mvua ikashuka. Mama Furaha akaleta harusi nzima kwangu gallery, bibi harusi, wapiga ngoma, wote.

Sasa sikia. Kila mama akatafuta karatasi yenye jina lake, akasimama chini yake na kikwembe chake mwilini. Wageni wakauliza, kila mmoja akasimulia nani alimnunulia na alikivaa wapi mara ya kwanza. Ukumbi mzima kicheko.

Director akaja mbio kusikia kelele, akakosa pa kupita. Akasimama mbele ya Mama Furaha, akasikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kufurahia kazi yangu kama siku ile.

Jumatatu vikwembe vikarudi, vimefuliwa na kupigwa pasi. Mama Furaha akauliza, "Mwezi unakuya tunaleta nini?"

Nilichojifunza: ukitaka watu waingie gallery, panga programme ukijua na wao wana ratiba yao.

Kwenu huko mngetundika nini? Leteni mawazo, nafasi ipo. Director ameshasaini ratiba mpya, na gorila wamepewa mwezi mmoja.