Mgeni Aliyeomba Jembe

Leo fundi amefungua bomba la choo changu hapa Homa Bay, na harufu ya udongo mweusi uliolowa maji machafu imenirudisha nyumbani kwetu Muhuru Bay, siku wakwe walipokuja kumposa dada yangu. Nilikuwa bado mdogo. Mama hakuitaka posa ile. Alisema watu wale wanaringa.

Kabla ya chakula, baba mkwe aliingia chooni. Nyumba yetu ilikuwa kuukuu, na alipovuta mnyororo, maji yalipanda yakamwagika hadi sebuleni. Mama alijishika kichwa. Mgeni akatoka, viatu vimelowa, akavua koti.

"Jembe liko wapi?"

"Hapana, mzee," mama akasema. "Wewe ni mgeni."

"Mgeni gani? Wajukuu wangu watakuja kulala hapa."

Yeye na baba wakachimba, suruali wamezikunja, hadi wakalipata bomba lililopasuliwa na mizizi ya mpera. Waliikata huku wakibishana kwa Kijaluo na kucheka.

Tulikula jioni, samaki amepoa. Mama alimwekea mgeni kichwa cha mbuta, kisha akaja jikoni akamwambia dada, "Nenda. Huko utatunzwa."