Mpanga Madirisha wa Treni ya Kasese

Mume wangu, Anselme Katembo, ana ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa: hawezi kumwona mtu amekaa kwenye treni bila kumwambia kwamba amekaa upande mbaya. Nasema hivi kwa upendo. Nimeishi naye miaka mingi, na ukweli ni kwamba mara nyingi upande nilioukalia ulikuwa mbaya.

Alianza kuugua kabla sijamjua. Alikuja Kampala akiwa kijana, mkimbizi kutoka Kongo, nyuma ya milima ya Rwenzori, baada ya vita vya mwaka sitini na nne kukichoma kijiji chao. Mjini akapata kazi ya kufagia na kutumwatumwa katika ofisi ndogo ya safari, ambako Wazungu walikuja kununua tiketi za kwenda kutazama wanyama na milima. Kwa kusikiliza tu akajifunza kupanga safari ya treni ya Kasese: kona ipi inaonyesha ziwa, wapi reli inateremka bondeni, na asubuhi jua linaupiga mlima ukiwa dirisha gani. Kisha mwaka sabini na mbili mwenye ofisi, Mhindi, akaambiwa aondoke nchini pamoja na wenzake wote. Wazungu nao wakaacha kuja. Ofisi akapewa mafuta mingi mmoja, ndivyo tulivyowaita waliogawiwa maduka ya bure, naye akauza viti, akauza meza, halafu akafunga mlango kwa sababu hakubakiwa na kitu cha kuuza.

Mtu mwingine angebadilisha mawazo. Anselme alibadilisha kazi tu. Alikwenda Katwe, mtaa wa mafundi, kugonga mabati na kutengeneza sigiri za mkaa, na jioni, masikio yakiwa bado yanamlia kwa nyundo, akaendelea kuwapangia watu safari za kutazama milima. Watu gani? Ndilo swali nililomuuliza siku ya kwanza nilipokwenda kununua sigiri. Sukari ilikuwa haionekani, sabuni tulikuwa tunaikata vipande vyembamba, na aliyesafiri alisafiri kwa msiba au kwa woga. Bwana huyu alikuwa anamuuliza muuza mkaa kama angependa kuona theluji asubuhi, akiwa amekaa dirisha la kulia.

Nilicheka mpaka nikasahau kudai chenji. Kesho yake nikarudi kuidai, na keshokutwa nikarudi bila sababu yoyote.

Sasa nije kwa baba. Baba yangu, Saverio Opoka, alikuwa sajenti wa polisi, Muacholi wa Gulu, aliyestaafu mapema kuliko alivyopenda. Wenzake wengi wa kaskazini walikuwa wamechukuliwa na wanajeshi na hawakurudi. Yeye aliachwa, hakujua kwa nini, basi akaamua kuishi kimyakimya ili asikumbukwe. Tulikaa nyumba ya kupanga huko Makindye, Kampala, na kwa miaka mitatu baba hakwenda mbali zaidi ya sokoni. Hata Kiacholi alikizungumza ndani tu, mlango ukiwa umefungwa.

Anselme alipokuja kujieleza, baba alimkalisha kwenye kigoda kama mshitakiwa.

"Papa," Anselme akaanza, "mimi napenda Atim..."

"Mimi si papa yako. Ita mimi Sajenti."

"Ndiyo, Sajenti."

"Kwenu wapi?"

"Nyuma ya mulima, Sajenti. Ile mulima iko na theluji juu."

"Theluji nini?"

"Ni barafu, Sajenti. Iko nyeupe, inabaki pale mwaka muzima."

Baba akamgeukia mama. "Joska, wewe nasikia? Jua yote hii, na yeye nasema barafu iko juu ya mlima. Mimi barafu naona kwa friji ya mesi ya polisi, na hiyo pia ilikuwa nayeyuka."

Mama aliinama kuficha kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona jambo linaharibika. Kwa baba, binti hakutolewa kwa watu wasiojulikana. Wazee wake walitakiwa kwenda kwanza kuliona boma la mvulana, kumsalimu mama yake, kuwauliza majirani kama ni watu wa kugombana. Boma la Anselme lilikuwa limeungua, majirani wametawanyika, na mwenyewe hakujua mama yake yuko wapi.

"Mimi nilikuzaa ugenini, ndiyo maana jina lako ni Atim," baba aliniambia tulipobaki wenyewe, kwa Kiacholi, mlango umefungwa. "Lakini ugeni wako una kwenu. Watoto wa huyu watakuwa wageni kutoka wapi?"

Nililia kwa hasira, maana hasira zangu hutokea machoni. Anselme hakulia. Alirudi baada ya siku chache akiwa na maharage mfukoni.

Aliyapanga mezani safu mbili, kama watu kwenye behewa. Punje kubwa kuliko zote ilikuwa Sajenti, kwa heshima. Iliyofuata ilikuwa mama, na mimi nilipewa punje yenye doa, jambo ambalo bado tunalizungumza. Akaeleza kwamba kama Sajenti hawezi kufika kwao, basi atampeleka kwa treni aione milima, kwa sababu kwao ni nyuma yake hapohapo. "Nyumba iliungua, Sajenti, lakini mulima haiungui." Akazisogeza punje: mpaka kituo fulani Sajenti atakaa kushoto, baada ya kona kila mtu ahamie kulia, ikipita kona nyingine warudi. Mama akauliza punje ya Anselme iko wapi. Akasema yeye atasimama. Alipoondoka, mama aliyapika maharage yote, Sajenti akiwemo.

Ajabu ni kwamba baba alikubali. Alisema anataka kumshika mwongo akiwa na ushahidi mkononi. Mama alisema hapana, mzee amechoka kukaa ndani na amepata kisingizio. "Mimi nikiona hiyo barafu, tutazungumza," baba alimwambia Anselme. "Nisipoona, wewe naacha binti yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Sajenti," Anselme akasema, na akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuoa.

Treni ilitoka Kampala alasiri. Tulikuwa daraja la tatu, na kabla hatujafika mbali Anselme alikuwa ameshawahamisha watu wasiokuwa wetu. Mwanamke mmoja mwenye kuku alihamishwa mara mbili, yeye na kuku wake, kwa ajili ya mandhari. Nilitazama nje nikijifanya simjui. Baba alikaa wima, kofia kichwani, akitazama kila mtu aliyeingia.

Kulipokucha tulikuwa tunateremka kuelekea bondeni, kwenye mafunjo na nyasi ndefu, pale ambapo mlima ulitakiwa kujitokeza. Mawingu yalikuwa yamekaa kana kwamba yamelipa nauli.

"Ngoja kona, Sajenti," Anselme akasema. Tukapita kona. Tukahamia kulia. Mawingu. Tukapita kona nyingine, tukarudi kushoto.

"Barafu yako nahama pamoja na sisi?" baba akauliza.

Kwenye kituo kimoja kidogo akaingia mwanajeshi, kijana mwenye bunduki begani na macho mekundu, akikagua vitambulisho. Alikishika cha baba muda mrefu.

"Opoka. Wewe Muacholi."

"Ndiyo, afande." Baba yangu, na utumishi wake wote, akimwita mtoto yule afande.

"Muacholi nataka nini huku karibu ya mpaka? Nakimbilia Kongo?"

Baba akafungua kinywa, neno halikutoka. Mama alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Sote tulijua maswali ya namna ile huishia wapi, na nilijua kwamba mimi ndiye niliyemtoa baba Makindye, kwa ajili ya mwanamume.

Anselme alikuwa amesimama upande wa pili, karibu na yule mwanamke wa kuku. Hakuna aliyejua kwamba ni mwenzetu. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imekwisha muda wake. Angetazama dirishani tu, angefika Kasese salama.

"Afande," akasema, "huyu ni baba mukwe wangu. Ni mimi naleta yeye. Uliza mimi."

Mwanajeshi akageuka. "Wewe nani?"

"Katembo, mukimbizi. Nakaa Katwe. Naleta yeye aone kwetu, sababu nataka kuoa binti yake."

"Kwenu wapi?"

"Nyuma ya mulima, afande."

"Mulima gani? Mimi naona mawingu."

Nikamwona Anselme anavuta pumzi. Pumzi ile niliijua, na nikatamani ardhi ipasuke.

"Ni sababu afande nasimama upande mubaya," akasema.

Mungu ni shahidi, alimwinua mama yangu na kumkalisha mwanajeshi dirishani. Akaanza kumwonyesha, kwa kidole kwenye kioo, vilele vilivyokuwa ndani ya mawingu: hapa theluji, hapa mto unaoshuka ukiwa baridi kama chuma, hapa miti yenye ndevu. Ikaja kona. Akamwambia afande kwamba sasa lazima wahamie kushoto. Wakahamia. Ikaja nyingine, wakarudi. Mara ya tatu alimwomba ashushe bunduki kidogo kwa sababu inamziba mama. Mwanajeshi alimtazama kwa muda, kisha akamtazama baba, na uso wake ukawa wa huruma kabisa. Akamtupia kitambulisho mapajani.

"Chukua mukwe wako, mzee," akasema. "Pole sana."

Akaenda zake behewa la mbele. Nimewaona watu wengi wakiwakimbia wanajeshi. Mwanajeshi akimkimbia mtu nimeona siku ile tu.

Baba aliikalia mikono yake. Baadaye akauliza, bila kumtazama Anselme, "Kama yeye nachukua wewe?"

"Angechukua, Sajenti."

"Basi kwa nini wewe nasema?"

Anselme akafikiri. "Alikuwa nauliza Sajenti nataka nini huku. Hakuna mutu mwingine wa kumujibu."



Tulilala Kasese kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, na siku nzima mlima haukuonekana. Asubuhi ya kurudi tulikaa kwenye benchi la stesheni na mabegi yetu, mbele yetu ukuta wa mawingu. Anselme aliacha kueleza. Alikaa mikono magotini, akitazama chini, na nikagundua kwamba simpendi akinyamaza. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Kisha akainuka akaenda kugombana na mkata tiketi, ili angalau mama apate dirisha zuri.

Alikuwa bado ndani, sauti yake tunaisikia, mawingu yalipofunguka.

Yalifunguka polepole, kwanza mabega meusi ya mlima, halafu juu kabisa, mahali ambapo sikuwa nimefikiria hata kutazama, weupe. Ulikuwa weupe wa barafu kweli, unawaka jua. Mama akasema jina la Bikira Maria. Baba akasimama, akavua kofia yake akaishika kifuani.

"Kwao ni nyuma ya ule?" akauliza. Aliuliza kwa Kiacholi, kwa sauti, pale stesheni mbele za watu.

"Ndiyo, baba."

"Na alivuka kwa miguu?"

"Kwa miguu. Alikuwa na miaka kumi na sita, peke yake."

Baba akaendelea kuutazama. "Mtoto wa watu," akasema.

Nikainuka nikimbie kumwita Anselme. Baba akanishika gauni. "Usimwambie. Wewe na mama yako, msimwambie. Akijua nimeuona, atadhani mlima ndio umempa mke. Tena hatutapumzika, atatuleta huku kila mwezi."

Anselme alipotoka na tiketi zake, ameshinda, mawingu yalikuwa yamejifunga na baba amevaa kofia.

"Mlima yako mimi hapana ona," baba akamwambia. "Siku mbili, mawingu tu."

Uso wa Anselme ukasawijika. "Ni mwezi mubaya, Sajenti. Mwezi wa nne mawingu..."

"Hapana ona, nasema. Lakini tafuta watu wazima wawili, hata hao wa Katwe wenye kugonga sigiri, wakuje tuzungumze mahari. Na usiite mimi Sajenti mbele yao, watacheka mimi."

Anselme alisimama pale, tiketi mkononi. Mtu mwingine angepiga magoti kushukuru. Yeye akasema, "Lakini Papa hajaona kwetu."

"Nimeona mtu anatoka huko," baba akasema, akachukua begi lake.

Nilinyamaza kwa sababu niliahidi, na kunyamaza kwangu ni kazi ngumu. Kila mwaka Anselme alipanga upya safari ya kumwonyesha baba mlima, na kila mwaka baba alisingizia goti. Mwaka sabini na nane baba alifariki kwa shinikizo la damu, kitandani mwake, jambo ambalo wakati ule lilikuwa la kumshukuru Mungu. Siku ya mazishi nilimkuta Anselme nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta.

"Papa amekufa," akasema, "na hakuona kwetu."

Basi nikamwambia yote: mawingu, weupe, kofia kifuani.

"Alisema nini?" akauliza.

"Aliuliza kama ulivuka pale kwa miguu. Nikamwambia ndiyo, peke yako. Akasema, mtoto wa watu."

Anselme akakaa chini kwenye vumbi na suti yake ya kuazima, akalia kwa sauti, kama anavyoliliwa mzazi.