Siku Niliyowaangushia Wazee Dari

Nitasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana Kwaluguru nzima wanaijua habari hii na kila anayeisimulia anaongeza lake: ndiyo, ni mimi niliyewaangushia wazee wa ukoo dari la mahindi vichwani, mchana kweupe, jumbe akiwemo, kwa mkono wangu huu huu, na wala hakuna aliyenituma. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, nieleze.

Enzi hizo za Mdachi nilikuwa na watoto wawili na nyumba moja ya msonge, na nyumba ile nilikuwa naitengeneza kidogo kidogo, kila mwezi kitu kimoja. Mwezi huu jiwe bapa la mlangoni ili tusiingie na tope, mwezi ujao vigingi vya kutundikia vibuyu, mwezi mwingine nasiriba sakafu kwa samadi na majivu mpaka ukidondosha sindano unaiona. Wenzangu kisimani walinicheka, "Haya, mama Saidi, leo umebandika nini?" nami nikawajibu, "Njooni muone, na mfute miguu." Sikujali. Jioni nikikaa nikakitazama kile kimoja nilichokifanya, roho yangu inatulia, silali nikitamani nyumba ya mtu.

Shida yangu ilikuwa moshi. Jiko letu, mafiga matatu, lilikuwa katikati ya nyumba kama kwa kila mtu, juu yake dari la fito tunakohifadhi mahindi, na juu ya dari paa la nyasi lililokuwa jeusi kama chungu. Binti yangu Mwanaidi alikuwa anaamka macho yamevimba, kope zimegandana mpaka nizioshe kwa maji ya vuguvugu. Nikaenda naye kumtembelea dada yangu aliyeolewa Lutindi, nikakuta anapikia kibandani nyuma ya nyumba, ndani kwake mtu anapumua, na kwa siku chache tulizokaa kule macho ya mtoto yakakauka. Nilirudi nimeshaamua. Nikasimamisha kibanda nyuma, nikayabeba mafiga moja moja, nikayatoa nje.

Mama mkwe wangu (Mungu amrehemu, baadaye tulipendana, lakini siku zile alikuwa mwiba wa kisigino) akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Unatoa moto katika nyumba ya mwanangu?"

"Mama, ni macho ya mtoto."

"Nimelea saba kwenye moshi huo huo!"

"Na sasa hivi wewe mwenyewe unaona mpaka wapi, mama?"

Lilinitoka hivyo hivyo, na lilikuwa kweli, maana alikuwa anapapasa ukuta akitembea, lakini si la kumwambia mama wa mume wako. Akageuka akaenda zake. Miezi sita hakunisemesha neno, halafu akanishtaki kwa wazee wa ukoo kwamba nimeifanya nyumba ya mwanawe kaburi.

Basi wakapanga siku. Baba Saidi aliniambia asubuhi, "Wakisema mafiga yarudi ndani, yatarudi. Mimi sigombani na wazee kwa ajili ya mawe." Mwenzangu aliona mawe, mimi naona macho ya Mwanaidi yanavimba tena.

Kesi zetu husikilizwa uani, kila mzee na kigoda chake, na vigoda vilikuwa vimeshapangwa, na kama ningefunga mdomo wangu mambo yangeishia pale pale uani na leo nisingekuwa na la kusimulia, lakini mimi na kiburi changu nikaona hapana, waingie waone wenyewe. Nikasema, "Shikamooni, wazee wangu. Karibuni ndani."

Wakaingia, jumbe mbele na kanzu yake nyeupe, nyuma yake Mzee Mhina na wengine watatu. Nikawatilia togwa. Mama mkwe akakaa karibu na mlango. Nje, wanawake wa kisimani wote walikuwa wamepata shughuli karibu na nyumba yangu (mmoja alikuwa anachuma mboga mahali ambapo hapajawahi kuota mboga).

Jumbe akatazama huku na huku. "Kweli humu mtu anaona uso wa mwenzake."

"Mke wangu asipaone hapa," akasema Mzee Mhina, "sitalala kwa kelele zake."

Nikavimba kama andazi! Nilikuwa nimeshashinda. Ndipo Mzee Mhina akachungulia kibuyu chake, akauliza, "Mama Saidi, huu unga unaodondoka kwenye togwa yangu unatoka wapi?"

"Muulizeni mwenye nyumba," akasema mama mkwe.

Unga ule niliuona wiki nyingi, mwembamba, wa rangi ya mchanga, nikawa naufagia kila asubuhi nikidhani ni upepo. Nikacheka. "Vumbi tu hilo, mzee wangu. Dari langu ni imara kuliko la mtu yeyote hapa." Na ili waamini, nikachukua mchi wa kinu, nikaugonga mhimili wa dari.

Ukalia ko! kama kibuyu kikavu. Mwenye akili angeishia hapo. Nikaugonga tena.

Mhimili ulikuwa umeliwa wote ndani na bungua, limebaki ganda tu, ukakatika katikati, na dari lote likashuka na mavuno yangu ya mwaka: magunzi matupu, fito, fukusi walioyala mahindi wakimwagika kama mvua, na panya, familia nzima ya panya, baba, mama na wajukuu. Wazee wakakimbilia mlango mmoja ule ule mfupi, jumbe na Mzee Mhina wakabanana mabega, huyu anasema "Tangulia wewe," yule anasema "Toka!" na walipochomoka nje panya mmoja alikuwa ameshaingia kwenye kanzu ya jumbe, basi jumbe wetu akaivua, akaitupa, akabaki na shuka ya ndani mbele ya wanawake wote wa kisimani. Yule wa mboga alikaa chini kabisa kwa kicheko.

"Mafiga yarudi!" jumbe akapiga kelele. "Leo leo!"

Mimi nilikuwa ndani bado, nimeshika mchi, fukusi kwenye nywele. Mama mkwe hakuwa amesogea.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Moshi ndio uliokuwa unawafukuza hao wadudu. Hata bibi yangu alijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Uliniambia tu kwamba sioni."

Nikamshika mkono, nikamtoa nje, na vumbi langu hivyo hivyo nikapiga magoti mbele yake watu wote wakitazama, nikamwomba radhi kwa neno lile. Kisha nikawageukia wazee, magoti bado chini. "Wazee wangu, mahindi nitalima mengine. Moshi nitaurudisha, mara moja kwa wiki, kwenye kigae, majani mabichi, watu wote tukiwa nje mpaka paa liwe jeusi tena. Mafiga sirudishi."

Jumbe akafunga shuka yake vizuri. "Mama, mshtaki ni wewe. Unasemaje?"

Mama mkwe akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Mtoto yuko wapi?"

Wakamleta Mwanaidi. Bibi yake akamshika uso, akapitisha vidole gumba juu ya kope, jicho hili, halafu hili, polepole, kwa sababu kuona alikuwa haoni.

"Yamekauka," akasema. "Haya. Lakini majani nitachagua mimi. Huyu hajui kitu."

Ikawa hivyo. Kitu changu cha mwezi ule kilikuwa dari jipya, cha mwezi uliofuata rafu ya kibandani, na mpaka leo nina wajukuu sijaacha, kila mwezi kimoja. Ila nimeapa sitatoa kitu mahali pake katika nyumba yangu kabla sijamwuliza aliyekiweka kinafanya kazi gani, hata kama mtu huyo amenuna. Akiwa amenuna ndiyo namwuliza mara mbili.