Fundo la Mama Kwenye Albamu

Kwetu mgeni hasubiri chakula akiwa mikono mitupu. Anapewa soda na albamu, afunue picha mpaka ndizi ziive. Albamu ya nyumba ya baba mdogo, huko Kibimba, ilikuwa imevimba kuliko Biblia ya parokia, na aliyeivimbisha ni mimi.

Mimi na mama tulivuka mto Ruvubu tukikimbia vita, nikiwa bado na meno ya utoto. Mama alifia kambini kwa ugonjwa wa kuhara, tukiwa bado wageni pale. Baba mdogo, aliyeingia Tanzania na wakimbizi wa mwanzo na kupata shamba, alikuja kunichukua. Picha ya mama haikuwepo. Aliniachia kipande cha kitenge chenye fundo pembeni, na ndani ya fundo mbegu za maharage alizotaka kupanda tutakapopata ardhi. Kila mtu nyumbani alijua kilichomo. Lakini fundo lilifungwa kwa mikono ya mama, na mimi sikuwa na picha nyingine.

Kwa hiyo nikalitia kwenye albamu. Nilitengeneza ukurasa wa boksi la sabuni, nikachora nyumba yetu ya ng'ambo. Ukifungua mlango unaona jiko, ukivuta uzi ng'ombe anatoka zizini, na uani ndipo nilipokishona kitenge na fundo lake. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa baba mdogo, amepigwa picha studio na suti ya kuazima. Fundo lilimsukuma kutoka nyuma, likamtoa kitambi ambacho hajawahi kuwa nacho.

Alivumilia mpaka nilipochumbiwa na kijana wa Nyantakara. Siku chache kabla ya wazee wa huko kuja, aliniita.

"Arubamu ni ya picha," alisema, kwa ulimi wake wa ng'ambo unaochanganya r na l. "Fungua hilo fundo, raza kitambaa, ukurasa utatulia. Wageni wakiona hivi watasema tumemrea mkimbizi."

"Kwani mimi ni nani, baba?"

"Usinijibu! Na mbegu zenyewe zimeshariwa na wadudu."

Ni kweli zilikuwa zimeliwa. Unga wake ulikuwa ukidondokea suti yake pichani kila tulipofunua. Nikamwambia wadudu wale washibe, sifungui. Nilimheshimu sana yule mzee, alinilisha na kunisomesha, lakini siku ile nilimtazama usoni bila kupepesa.

Kesho yake nikakuta ameibana albamu kwa jiwe la kusagia mtama. Nililitoa jiwe kwa hasira. Kisha nikafanya kazi ambayo hakuna aliyenifundisha. Nikafungua kamba ya albamu, nikatoa kurasa zote. Kati ya kila ukurasa na mwenzake, upande wa mshono, nikaweka ukanda wa boksi, ili mgongo unenepe sawa na tumbo. Kurasa mbili za mbele ya fundo nilizitoboa dirisha, fundo likae shimoni kama yai kwenye kiota. Baba mdogo nikamhamishia mbali, kitambi kikaisha. Kamba ya zamani haikutosha tena, nikatumia ya katani. Albamu ikafunga. Ilikuwa nene kama tofali, lakini ilifunga.

Wageni walikuja, nikapiga magoti kuwasalimia. "Shikamooni." "Marahaba, mwanangu." Baba mdogo alikuwa ameificha albamu kabatini. Nikaenda nikaitoa mbele ya macho yake, nikampa mama wa mchumba wangu kwa mikono miwili.

Alifunua taratibu. Alifungua mlango wa jikoni, akamvuta ng'ombe, akacheka, akamvuta tena. Alipofika kwenye fundo, vidole vyake vikaanza kulilegeza. Sikumlaumu, maana ukurasa wenyewe unamwambia mtu fungua, vuta. Lakini nilimshika mkono. Mchumba, siku ya posa, nimemshika mkono mama mkwe!

"Hilo halifunguliwi, mama."

Baba mdogo alianza kuomba radhi, nikamkatiza. Nikasema mama yangu ndiye aliyelifunga, ndiye huyo hapo, na kama albamu hii haiendi Nyantakara na mimi siendi.

Yule mama aliusogeza ukurasa kwenye mwanga wa mlango, akaligeuzageuza fundo bila kulilegeza, akifuata kwa kidole upande lilikozungushiwa. Alikuwa mkulima, maisha yake yote alifunga mizigo na watoto mgongoni.

"Mama yako alikuwa anatumia mkono wa kushoto," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Nikamwona mama palepale, jembe mkono wa kushoto, bibi akimgombeza kwa hilo shambani. Nikalia mbele ya wageni wote, kwa sauti, na baba mdogo aliponionyesha kwa macho niende chumbani, sikwenda.